Chonge za Mnyonya Damu wa Soweto West

Siku niliyokabidhi ufunguo wa karakana yetu ya meno ya mtaa wa Kongo, Kawangware, Wanjiru, mwanafunzi wangu anayeirithi, alinipa daftari jipya na kalamu mbili. Akaniambia, "Anti Rispa, andika kazi yote vile uliifanya, usiache kitu." Nitaacha mengi. Nani alipanda cheo na nani alilipwa vizuri, hayo hayatawafaa ninyi vijana wa karakana mkiwa mmesimama mbele ya mtu aliyeachama mdomo na plasta imeanza kushika. Nitawaandikia habari za meno, maana ndiyo kazi niliyoijua.

Wengi wenu mlinikuta tayari naitwa Mama Chonge, mkadhani nilizaliwa nikitengeneza meno ya wanyonya damu wa filamu. Sivyo. Nilianza na meno ya wazee waliotaka kula nyama kabla hawajafa.

Nilitoka Vihiga nikiwa msichana niliyemaliza shule juzi tu, nikafikia kwa dada yangu Kawangware. Jirani yake alikuwa Mwalimu Agoi, mtu wa kwetu, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya meno ya hospitali moja kabla ya kufungua chumba chake mwenyewe. Hakuwa mwalimu wa shule. Aliitwa Mwalimu kwa sababu hakuweza kukupitishia chumvi mezani bila kukueleza inakotoka.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa chombo chochote. Alikoroga ule unga wa pinki wa kuchukulia ukungu wa meno na maji kwenye bakuli la mpira, akaujaza kwenye trei ya chuma, akanisukumia mdomoni. Nilidhani nakufa. Uji unateremka kooni, machozi yananitoka, naye amesimama anatazama saa. "Pumua kwa pua," akasema. "Inamisha kichwa. Chezesha vidole vya miguu." Nikachezesha. Mpaka leo sijui vidole vya miguu vinahusiana vipi na koo, lakini vinasaidia, na nyote nimewafundisha hivyo. Alipoitoa ile trei akaniambia, "Sasa unajua mtu anasikia nini. Siku ukisahau, njoo nikuwekee tena."

Nilikaa naye miaka mingi. Alinifundisha kumwaga plasta polepole ili isifanye mapovu, kuchonga nta kwa kisu kilichopashwa moto kwenye taa ya spiriti, na kuchemsha akriliki, ile plastiki ya meno bandia, kwenye sufuria bila kuharakisha moto. Jambo alilolirudia kuliko yote ni hili: jino likionekana jipya ni jino baya. Alikuwa na kikombe cha chai ya rangi mezani, si cha kunywa. Alichovya brashi humo, akapaka shina la jino mpaka likafanana na umri wa mwenye mdomo. Alipochoka na Nairobi alirudi Vihiga akaniachia chumba, taa na kisu. Kikombe aliondoka nacho.

Achieng alikuja alasiri moja nikiwa peke yangu. Alikuwa msichana mrefu wa Mashimoni, Kibera, aliyejifunza kamera kwa kupiga picha za harusi.

"Niaje, Anti. Wewe ndio fundi wa meno?"

"Ni mimi."

"Nataka meno mbili tu."

Nikamwambia anionyeshe pengo.

"Sina pengo. Nataka za mnyonya damu."

Nilimfukuza. Mimi ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na nilijua namna habari inavyotembea kanisani. Alirudi kesho yake nikamfukuza tena. Mara ya tatu alikuja na karatasi zake za hadithi, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa.

"Hii stori ni ya kitambo, Anti," akasema. "Kuna bwana mkubwa wa huko Ulaya, amekufa na hajakufa. Mchana analala kwa jeneza, akitoka anakunywa watu damu. Sinema zake hazihesabiki. Na siku hizi kila mtu anamtengeneza upya. Kuna wenye wamemfanya mpenzi, kuna wenye wamemfanya mwanafunzi, kuna wenye wamemfanya mgonjwa wa kuhurumiwa. Mimi nataka kumleta Soweto West, huko kwetu Kibera."

"Atafanya nini Soweto West?"

"Atatafuta nyumba, kama watu wote."

Hapo nikacheka, na mtu akikuchekesha huwezi tena kumfukuza vizuri.

Tulikaa mpaka spiriti ikaisha kwenye taa. Achieng alikuwa na orodha ya masharti ya zamani ya mnyonya damu, akataka tuyapime moja moja. Sharti la kwanza: haingii nyumbani kwako mpaka umkaribishe. Nikamwambia filamu yake imeishia hapo. Soweto West mtu akipiga hodi unajibu karibu ukiwa umempa mgongo, unasonga ugali. Kufikia saa sita usiku huyo bwana angekuwa amemaliza ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga. Nikamweleza alivyotukataza nyanya yangu: sauti usiyoijua ikikuita, usiitike mara ya kwanza, ngoja. Mtu mwema ataita tena. Achieng akaandika hapo hapo kwamba mnyonya damu wetu anaweza kupiga hodi mara moja tu kwa kila mlango, basi. Kitunguu saumu tulikifuta kwa sababu nyumba zote za ploti zinakikaanga. Na jeneza halingeenea ndani ya chumba kimoja chenye kitanda, meza na sufuria, kwa hiyo likageuka kuwa kitanda chenye kifuniko.

Nikamweleza pia kwamba sisi tulikuwa na wetu. Nyanya aliwaogopa mumiani maisha yake yote. Hao hawakuwa wafu. Walikuwa watu hai kabisa wenye gari na sindano, walioshika watu barabarani wakawatoa damu ya kutengenezea dawa. Hakuna aliyewahi kuwaona, na hakuna aliyewakana. "Huyo wako wa Ulaya ni mpole," nikamwambia Achieng. "Analala mchana." Tukacheka wote wawili. Ningejua yaliyokuwa yanakuja, nisingecheka.

Aliyechaguliwa kuwa mnyonya damu aliitwa Ouma. Alikuwa fundi seremala wa Mashimoni, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na watoto wa jirani walimpenda kwa sababu aliwachongea magari ya mbao. Kile kitanda chenye kifuniko alikitengeneza mwenyewe, na baada ya filamu mke wake alikitumia kuwekea blanketi.

Meno niliyomtengenezea kwanza yalikuwa aibu. Niliyafanya marefu, meupe pe, yameshikana na bamba nene juu ya kaakaa. Ouma alipoyavaa akasema hodi, ikatoka "hothi," na mate yakamwagika kwenye shati. Achieng alilala chini kwa kicheko. Niliyavunja kwa nyundo ili nisishawishike kuyatunza. Kisha nikafanya kama ningemfanyia mzee wangu yeyote. Nilichukua ukungu wa mdomo wake mara mbili, nikatengeneza vifuniko viwili vyembamba kama ganda la yai, kila kimoja kikivikwa juu ya chonge yake mwenyewe. Nikayapaka chai kwenye shina, maana mtu aliyeishi miaka mia nne hana meno meupe. Nikayatia ncha ndogo tu. Ulimi ulipopita ndani haukukuta ukingo wowote. Yalishika hivi kwamba nilipoyavuta kwa vidole hayakutoka. Nilijisifu. Mwalimu Agoi angekuwepo, angejisifu pia, ingawa yeye asingesema.

Nikampa Ouma maagizo ambayo humpa kila mtu mwenye meno mapya: vaa siku nzima, kula nayo, ongea nayo, mpaka uyasahau. Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa langu. Ouma alikuwa mtu wa kufuata maagizo.

Tulikuwa tumekodi chumba kimoja Soweto West kwa ajili ya kupiga filamu. Siku mbili kabla ya kuanza kupiga, nilikoroga damu ya kwanza ya majaribio: sukari iliyochemshwa, rangi nyekundu ya keki, na kakao kidogo ili isifanane na soda. Ilitoka nyepesi mno, nikaimwaga kwenye mtaro nyuma ya chumba. Nzi walijaa. Watu walipita wakaangalia, wakanong'ona. Sikuyajua hayo. Nilikuwa ndani nakoroga nyingine.

Siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, Ouma alitoka kununua sukuma kwa Mama Brayo, aliyeuza mboga mlango wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa na meno mdomoni na ameyasahau kabisa, kama nilivyomwagiza. Mama Brayo, ambaye ana mdomo wa mzaha, alimwambia kitu kuhusu ukonde wake. Ouma akacheka mdomo wazi.

Nilisikia ukelele nikiwa nimeinama juu ya beseni. Kisha nikasikia neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu mwingine tangu nyanya azikwe. "Mumiani! Ni yeye! Damu yenyewe iko kwa mtaro!"

Niliinuka nikatoka mbio. Achieng aliniita kutoka mlangoni, "Anti! Mikono! Mikono yako!" Nikajitazama. Nilikuwa mwekundu mpaka kwenye viwiko.

Walikuwa wamembana Ouma kwenye ukuta wa kioski cha maji. Umati uliziba njia kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele kabisa kulikuwa na mwanamume mmoja mkubwa, fundi wa mjengo, ameshika jiwe kwa mikono miwili. Nyuma mtu alikuwa anapiga kelele tairi iletwe wamchome. Ouma alikuwa ameinua mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anavuta meno yake. Anavuta, anavuta, hayatoki. Nilikuwa nimeyafanya vizuri mno. Kila alipovuta na kushindwa, watu walizidi kusadiki.

"Mnaona? Hayatoki! Ni yake!"

Sikuwa na mpango wowote. Msije mkaambiwa kwamba Anti Rispa alikuwa jasiri. Miguu ilienda yenyewe. Nilipenya katikati yao, na waliponiona mikono wakaniachia njia, si kwa heshima. Mama mmoja akamficha mtoto kwenye leso. Nikasimama karibu na Ouma, nikaweka kidole changu mdomoni, nikakilamba. Nikalamba cha pili. Umati ukanyamaza ghafla, na katika kimya hicho niliogopa kuliko wakati wa kelele.

"Ni sukari," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ni sukari na kakao. Nani anaonja?"

Hakuna aliyetaka kuonja. Nikamgeukia Mama Brayo, ambaye alikuwa bado ameshika kisu cha sukuma. Nilikuwa nimenunua mboga kwake siku zote tatu.

"Mama Brayo, unanijua?"

"Nakujua, lakini huyu simjui."

"Onja."

Alihamishia kisu mkono wa kushoto. Kisha akagusa mkono wangu kwa ncha ya kidole, akakilamba kwa namna mtu anavyoonja dawa ya kienyeji. Akakunja uso. "Ni tamu," akasema kwa sauti, kama anayelalamika. "Kweli ni sukari."

"Na meno?" akauliza yule mwenye jiwe.

Nikamwambia Ouma kwa sauti yangu ya kazini, ile mnayoijua, "Kaa chini. Achama. Pumua kwa pua." Akakaa kwenye matope. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Chezesha vidole vya miguu," nikamwambia, na nikaona kandambili zake zinacheza. Mikono yangu ilikuwa inateleza kwa sukari, sikuweza kushika chochote. Kisu changu cha nta kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, lakini huwezi kuchomoa kisu mbele ya watu kama wale. Nikamwomba Mama Brayo uzi. Aliuchomoa kwenye gunia la sukuma. Nikauzungusha shingoni mwa chonge ya kwanza, juu kabisa karibu na ufizi, nikauvuta upande kidogo kisha chini. Ikatoka na mlio mdogo, tak. Nikafanya hivyo kwa ya pili.

Ouma akafunga mdomo, akaufungua, akawaonyesha watu meno yake ya kuzaliwa.

Nikamnyooshea yule mwanamume zile chonge mbili. "Shika," nikamwambia.

Alikuwa na jiwe. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alinitazama, akalitazama jiwe, akaliweka chini polepole kandokando ya mguu wake, akapokea. Akazigeuza kwenye kiganja, akaziangalia kwa ndani, akapitisha ukucha kwenye ukingo. Ni fundi, na fundi hawezi kushika kitu kilichotengenezwa bila kukikagua.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Aisee." Akazigeuza tena. Kisha akainama akanong'ona, ili wengine wasisikie, "Mathe, na ya hapa mbele unaweza?" Akainua mdomo wa juu akanionyesha pengo.

Anaitwa Wafula. Jino lake nililitengeneza mwezi huo huo, na sikukosea rangi.

Watu walitawanyika haraka, kama wanavyofanya wakishaona hakuna cha kuona. Ouma tulimrudisha chumbani tukikaribia kumkokota. Alikunywa maji vikombe vitatu, akaenda nyumbani. Achieng alikaa juu ya kile kitanda chenye kifuniko, akalia. Akasema hatapiga hiyo filamu, wala nyingine.

Kesho yake nilienda Mashimoni kumwomba Ouma msamaha. Mke wake, Adhiambo, alinifungulia, akanikaribisha chai, na hakunitazama usoni mpaka nilipomaliza kikombe. Nikamwambia Ouma kosa ni langu, nilimwambia ayasahau meno, sikumwambia asahau akiwa wapi.

"Anti, mimi sikuogopa jiwe sana," akasema. "Nilimtengenezea Mama Brayo kibanda. Ile meza anakatia sukuma ni yangu. Akaniangalia vile. Kama hajawahi kuniona." Akajigusa kifuani. "Hiyo ndio imekataa kutoka."

Niligeuza kile kikombe kitupu mkononi. Adhiambo ndiye aliyesema. "Kama mtaendelea, waiteni watu kwanza waone vile mnafanya. Msijifiche kwa chumba kama wachawi."

Nilimpelekea Achieng neno hilo, na ndivyo tulivyofanya. Jumamosi hiyo, saa tano asubuhi, Achieng aliweka meza nje mbele ya kioski cha maji. Mimi nikachemsha damu mbele ya watu wote, watoto wakaigombania kwa mkate. Nikachukua ukungu wa mdomo wa Mama Brayo mwenyewe, naye akatapika nusu ya chai yake, watu wakafurahi sana. Ouma alikuja mwishoni. Alisimama kando ya meza, akavaa meno, akavua, akavaa, akavua, mpaka hata wale walioziba macho wakachoka kuogopa. Tangu siku hiyo hatujapiga filamu hata moja mahali ambapo majirani hawajaonja damu. Ninyi mnaiona desturi hii kama kupoteza muda. Najua, nimewasikia.

Jambo la pili mnalolijua bila kujua asili yake ni ule mfereji. Kila chonge inayotoka Kongo ina mfereji mdogo kwa nyuma, upana wa ukucha. Ukiingiza ukucha na kusukuma, jino linatoka kabla hujamaliza kusema jina lako. Wateja wengine huuliza kwa nini tunaharibu kazi nzuri hivyo. Waambieni kazi nzuri nusura iue mtu.

Achieng aliiandika hadithi upya. Katika ile ya zamani, mwishoni watu wa kijiji huinuka na mienge, wakamfuata yule bwana mpaka alipolala, na mtazamaji hushangilia akiwa upande wao. Achieng aliigeuza kamera. Akaiweka mgongo kwenye ukuta wa kioski cha maji, pale pale Ouma alipobanwa, ikawatazama wanaokuja. Na waliokuja walikuwa wale wale: Wafula, Mama Brayo, na wengine ambao sitawataja. Hakuwafundisha cha kufanya. Aliwaambia tu, "Fanyeni vile mlifanya."

Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walikuja kimya. Wafula aliinua jiwe la maboksi tulilolipaka rangi, jepesi kama mkate, akaishia nalo kifuani. Hakuweza kulipandisha. Achieng hakusema "kata." Kamera ikaendelea, na Wafula amesimama na boksi lake, mdomo unamcheza, mpaka Mama Brayo akalichukua mikononi mwake akaliweka chini. Hilo halikuandikwa popote. Ndilo lililobaki kwenye filamu.

Tuliionyesha alasiri ya Jumapili katika ukumbi wa kanisa moja, tumeziba madirisha kwa mablanketi. Ilipofika sehemu ile hakuna aliyekohoa. Nilimtafuta Ouma nikamwona amekaa na Mama Brayo, wamegawana mfuko mmoja wa njugu. Kasisi, ambaye nilimwogopa wiki nzima, aliniambia mlangoni kwamba amehubiri miaka mingi juu ya kutupa jiwe na hajawahi kupata kimya kama kile. Kisha akaniuliza kama nayatengeneza meno ya kawaida pia.

Baada ya hapo kazi ilikuja yenyewe. Nimemtengenezea meno mnyonya damu mlokole, mnyonya damu dereva wa bodaboda, na mmoja aliyekuwa mganga wa kienyeji, ambaye nilimwambia mwongozaji kwamba ni kumwongezea mtu kazi ya pili. Kulikuwa na kipindi ambacho vijana wote walitaka awe mzuri wa sura, mwenye huzuni, anayempenda msichana na hataki kumla. Hao huhitaji chonge ndogo sana, karibu zisionekane, na ndizo ngumu kuliko zote. Mpenzi akibusu na jino likibaki kwa mwenzake, mapenzi yameisha hapo.

Kazi moja niliikataa. Mwongozaji kijana, mwenye kipaji kweli, alitaka mnyonya damu wake awe nesi wa chanjo anayetembea nyumba kwa nyumba. Aliieleza vizuri hata nywele zikanisimama. Nikamuuliza, "Na wiki ile filamu yako inaonyeshwa, nesi wa kweli akija ploti hiyo, nani atamfungulia?" Akasema hiyo ni sanaa, Anti. Nikamwambia sanaa nimeiona ikibanwa kwenye kioski cha maji, na bwana wa Ulaya ametugharimu sukari tu, lakini mumiani wa nyanya yangu bado anaaminiwa. Alikasirika akaenda mjini kununua meno ya plastiki ya dukani. Filamu ikatoka, watu wakacheka kutoka mwanzo hadi mwisho. Simcheki. Lakini silii pia.

Miaka imepita, macho yangu yameanza kuona nta mbili palipo na moja, na mwezi uliopita nikampa Wanjiru ufunguo. Wanjiru alikuja kwangu akiwa msusi mwenye watoto wawili, akisema vidole vyake vimezoea vitu vidogo. Vilikuwa vimezoea kweli.

Wiki iliyopita Achieng, ambaye sasa naye ana mvi, alionyesha filamu yake mpya Kibera, alasiri, ukumbi umejaa hadi milangoni. Mnyonya damu safari hii ni bibi mzee aliyekuja mjini kuishi na binti yake, na hakuna anayejua ana miaka mingapi. Meno ni ya Wanjiru na wenzake. Sikuyaona yakitengenezwa. Nililipa kiingilio kama watu wote, nikakaa katikati, ambapo sijawahi kukaa, maana siku zote nilisimama nyuma nikitafuta mahali nilipokosea. Katika miaka yote ile sikuwahi kuogopa filamu yetu hata moja. Nilikuwa naona chai kwenye shina, naona ukingo, naona saa nzima niliyoitumia kwenye jino la kushoto.

Yule bibi alikuwa anamlaza mjukuu wake. Alimwimbia polepole, akamfunika, akainama kama anayetaka kumbusu paji la uso, kisha akageuka kutuangalia na kutabasamu.

Nilipiga ukelele. Nilipiga ukelele wa kweli, kama Mama Brayo, mpaka watu wa mbele wakageuka. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili, na kwenye yale meno sikuona ukingo, sikuona chai, sikuona kitu ila bibi mwenye njaa.

Msichana aliyekaa kando yangu, nisiyemjua, akanishika mkono.

"Usiogope, mathe," akaninong'oneza. "Ni meno ya kubandika tu hayo."

Nikamshukuru. Sikumwachia mkono mpaka filamu ilipoisha.